Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Mwalimu wa Mtaa wa Lumumba

Tunapomkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, wengi wetu humfikiria akiwa Ikulu. Yafaa tumtazame pia Kariakoo, alikofika akiwa hana mshahara.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akabatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere na Edinburgh. Baada ya kumwoa Maria mwaka 1953, alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, huku akiongoza chama cha TAA, ambacho tarehe 7 Julai 1954 kiligeuka kuwa TANU. Mwaka 1955 ikambidi achague ama kufundisha ama siasa. Akaacha kazi, ilhali ana familia changa. Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Kariakoo, akamkaribisha nyumbani kwake.

Hata hivyo ualimu haukumtoka. Aliamini kwamba nchi isiyo na wataalamu wake yenyewe itapata bendera tu. Hivyo mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa ili kuwaandaa viongozi wazalendo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama kilikuwa tayari kutoa nyumba yake ili vijana wasome. Mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya la Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli.

Kumheshimu hakutuzuii kusema ukweli. Mwaka 1983, chini ya serikali yake, sheria ya nguvukazi ilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi inayotambuliwa. Jijini Dar es Salaam watu wengi walikamatwa na kupelekwa vijijini, wakiwamo wachuuzi wadogo waliokuwa wakijitafutia riziki kwa jasho lao. Kazi ni heshima ya mtu. Anayeipigania asimdharau anayeifanya barabarani.

Mwalimu alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, na Jimbo la Musoma likaanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Tunapoombea nia hiyo, tujiulize: katika jumuiya zetu ndogondogo, ni kijana gani tumemfundisha ufundi? Ni mchuuzi gani tumemsaidia kupata mtaji? Mwalimu alitoa mshahara wake. Sisi tutoe nafasi.