Jim Thorpe na Timu ya Carlisle

Katika historia ya michezo ya vyuo vya Marekani, ni timu chache zilizozaliwa katika mazingira ya ajabu kama ile ya Carlisle, jimboni Pennsylvania. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, kwa nia ya kuwavua watoto wa Wahindi Wekundu utambulisho wao. Walinyolewa nywele, wakapewa majina mapya na kuadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Msomaji ambaye wazazi wake walivishwa kibao shingoni kwa kosa lilo hilo katika shule za Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Humo ndimo alimoingia Jim Thorpe mwaka 1904. Alizaliwa mwaka 1887, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, miongoni mwa watu wa Sac na Fox. Pacha wake alifariki wangali wadogo, na wazazi wote wawili wakamwacha kabla hajawa mtu mzima.

Kandanda ya Kimarekani iko karibu zaidi na raga: mpira wa umbo la yai hubebwa mikononi na wachezaji huangushana. Pratt aliwahi kuupiga mchezo huo marufuku baada ya mwanafunzi kuvunjika mguu, akalegeza msimamo kwa kusihiwa na vijana wenyewe. Aghalabu wachezaji wa Carlisle walikuwa wepesi wa mwili kuliko wapinzani wao, na mechi kubwa nyingi walizichezea ugenini. Kwa hivyo mila ya timu ikawa kutumia akili pale ambapo nguvu zisingetosha. Mwaka 1903, dhidi ya Harvard, waliuficha mpira ndani ya fulana, mgongoni mwa mwenzao, naye akatimua mbio hadi mwisho wa uwanja huku wapinzani wakiutafuta. (Harvard walishinda hata hivyo, 12 kwa 11.) Kufikia mwaka 1907, mwaka mmoja tu baada ya sheria kuruhusu pasi ya kurushwa mbele, Carlisle walikuwa wameigeuza kuwa silaha.

Thorpe aliongeza kile ambacho timu ilikosa: nguvu. Mwaka 1911, mguu ukiwa umefungwa bendeji, alipiga mikwaju minne iliyopita kati ya milingoti, na Harvard wakalala 18 kwa 15. Mwaka 1912 alitwaa dhahabu mbili katika Olimpiki ya Stockholm, ya michezo mitano na ya michezo kumi. Novemba mwaka huo Carlisle waliichapa timu ya chuo cha jeshi cha West Point 27 kwa 6. Ilikuwa miaka 22 tangu jeshi la Marekani kuwaua mamia ya Walakota huko Wounded Knee, na hapana shaka vijana wale walilijua hilo. Miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais.

Mwaka 1913 Thorpe alipokonywa nishani zake kwa kuwa aliwahi kucheza besiboli kwa ujira mdogo. Wanafunzi wengine waliofanya hivyo walijificha nyuma ya majina ya bandia. Yeye alitumia lake. Malalamiko yaliwasilishwa muda wa kanuni ukiwa umekwisha, lakini yakapokelewa. Kocha wake, Glenn Warner, alidai hakujua lolote, dai ambalo ni vigumu kuliamini.

Carlisle ilifungwa mwaka 1918, ikaacha makaburi ya wanafunzi zaidi ya 150. Thorpe aliendelea na michezo ya kulipwa, kisha akahangaika na vibarua na ulevi hadi alipofariki California mwaka 1953. Nishani zilirejeshwa mwaka 1982, lakini kama mshindi mwenza. Ni mwaka 2022 alipotambuliwa kuwa mshindi pekee. Mwili wake ulizikwa katika mji wa Pennsylvania uliobadili jina ukaitwa Jim Thorpe. Wanawe walikwenda mahakamani ili arudishwe Oklahoma, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.