Georg Simon Ohm, mwalimu aliyetafuta umeme uliotulia



Kila mmoja wetu wa kalasi za sayansi ameandika alama Ω katika daftari lake. Tunasema omu 10, omu 100, lakini wengi hawajui kwamba Ohm ni jina la mtu, tena la mwalimu wa sekondari. Tumeamua kusimulia maisha yake sababu ya taa yetu ya LED iliyoungua. Taa ile tuliitengeneza wenyewe ili tusome usiku wakati umeme wa Tshopo unapokatika. Iliwaka wiki mbili, ikafifia, ikafa. Tulilaumu zile LED. Kumbe kosa lilikuwa letu, na Ohm naye aliwahi kukosea kwa namna hiyo hiyo, karibu miaka 200 iliyopita.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, katika jamaa ya Kiprotestanti. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakusoma shule kubwa, lakini alijifunza hesabu peke yake kwa vitabu, akawafundisha watoto wake nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na miaka 10. Mwaka 1805 kijana aliingia chuo kikuu, na huko, tuseme kweli, alipenda dansi na biliadi kuliko masomo. Baba akakasirika sana. Mwaka 1806 Georg akatoka chuoni, akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Huko akarudia kusoma kwa bidii, na mwaka 1811 akapata udokta kule kule Erlangen.

Mwaka 1817 akapewa kazi ya kufundisha hesabu na fizika katika sekondari moja ya mji wa Köln. Shule ile ilikuwa na chumba cha vyombo vya fizika, naye Ohm akaanza kufanya majaribio humo. Ulizo lake lilikuwa moja: waya ukirefushwa, umeme unaopita ndani yake unapungua namna gani?

Lakini batri za wakati ule zilikuwa na ugonjwa. Ukiunga waya tu, nguvu ya batri inaanza kushuka. Ohm alidhani anapima waya, kumbe batri nayo inabadilika hapo hapo. Mwaka 1825 akachapisha kanuni yake, na kanuni ile haikuwa sawa.

Basi Poggendorff, mhariri wa jarida moja la fizika, akamshauri aache batri ile, atumie jambo lililogunduliwa na Seebeck mwaka 1821: ukiunga metali mbili tofauti, upande mmoja ukawa moto na mwingine baridi, umeme unatoka. Ohm akaunga shaba na bismuti. Upande mmoja akauweka penye maji yanayochemka, upande mwingine penye barafu. Maji yanayochemka hayazidi moto wake, na barafu inayoyeyuka haizidi baridi yake. Kwa hiyo umeme ulikuwa kidogo sana, lakini haukuyumba hata kidogo.

Akachukua waya 8 za shaba, zote za unene mmoja, ya kwanza inchi 2, ya mwisho inchi 130. Akaziunga moja moja, huku sindano ya sumaku ikimwonyesha nguvu ya umeme. Safari hii hesabu zikakubali. Mwaka 1826 akatangaza kanuni mpya, akisahihisha mwenyewe mbele ya wataalamu kosa la mwaka uliotangulia. Ndiyo ile tunayoimba kalasini: volti gawanya kwa omu, unapata amperi.

Mnadhani alishangiliwa? Hapana. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake mjini Berlin, na wakubwa wengi wa sayansi nchini kwake hawakukithamini. Akaacha kazi ya Köln, akakaa miaka mingi bila cheo cha maana, mpaka mwaka 1833 alipopata nafasi Nürnberg. Heshima ilitoka ng'ambo: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley. Mwaka 1852 akawa profesa wa fizika mjini München, akiwa na miaka 63. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Julai 1854, akafariki. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme walikutana Paris wakaita kipimo cha upinzani wa umeme kwa jina lake.

Sasa turudi kwa taa yetu. Tuliunga LED 3 za wati 1 kwa kufuatana, kwenye batri ya volti 12. Kila moja inataka karibu volti 3.2 na amperi 0.3. Zote tatu ni volti 9.6, zinabaki 2.4. Tukagawanya kwa 0.3, tukapata omu 8, tukaweka rezistansi hiyo, tukafurahi. Hatukukumbuka kwamba batri ikichajiwa na paneli ya jua inapanda mpaka volti 14.4. Hapo zinabaki volti 4.8. Gawanya kwa 8: ni karibu amperi 0.6, mara mbili ya kiasi! Tena LED ikipata joto inakubali umeme zaidi, joto linazidi, mpaka inakufa.

Ohm alibadilisha chanzo cha umeme. Sisi tunahitaji draiva, yaani kile kisanduku kidogo kinachoshikilia amperi zisibadilike hata volti za batri zikipanda na kushuka. Mkienda sokoni, someni maandishi yake kabla ya kutoa franka. Kwanza, amperi inazotoa: kwa LED zetu ni miliamperi 300, si zaidi. Pili, volti za kutoka: zile 9.6 ziwe ndani ya kipimo chake. Tatu, volti za kuingia: iweze kupokea toka 11 mpaka 15. Ile ya volti 220 si ya batri, na kuigusa ndani ni hatari ya kufa. Na kisanduku kilichoandikwa kwamba kinashikilia volti 12 kina kazi nyingine. Sisi tunataka kinachoshikilia amperi.

Taa ya pili tumeianza. Safari hii tumepima batri asubuhi, saa sita na usiku, tukaandika hesabu zote ukutani, na ile ya kwanza iliyokosea hatukuifuta.