Ibn Sina na Maradhi Yanayofichwa na Mama Zetu

Ndugu zangu katika imani, wengi tunamjua Ibn Sina kwa jina tu, kwa kuliona juu ya milango ya zahanati. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Akiwa na miaka 10 alikwishahifadhi Qur'ani. Alipokwama katika mas'ala ya elimu alikwenda msikitini, akasali, akamwomba Mola amfungulie. Bado kijana, alimtibu amiri Nuh bin Mansur, na ujira alioutaka ni ruhusa ya kuingia maktaba ya kasri. Mimi ninayesomea udaktari naona wivu!

Utu uzima wake ulikuwa wa kuhamahama. Kule Hamadan alikuwa waziri mchana, na usiku akiandika na kusomesha. Alifungwa gerezani miezi minne, na humo pia aliandika.

Kazi yake kubwa ni Al-Qanun fi al-Tibb, vitabu 5. Katika cha tatu, kinachopita kiungo kwa kiungo, alikiweka kizazi kinachoshuka na kujitokeza nje. Hakumlaumu mwanamke. Alitaja kuanguka, kubeba mizigo mizito, uzazi mgumu, na mkono wa pupa unaomvuta mtoto au kondo la nyuma. Tiba yake: mama alale chali, kizazi kirudishwe taratibu, kizuiwe kwa sufi yenye dawa za kukaza, kisha apumzike. Nadharia yake ya rutuba za mwili imepitwa na wakati. Lakini ile sufi ilifanya kazi inayofanywa leo na pete ya silikoni, ambayo mama huvaa ndani na kuishi nayo miaka. Kilichoshuka kidogo husaidiwa na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Kilichoshuka sana huweza kufanyiwa upasuaji.

Haya tunayajua darasani, na huko vijijini mama aliyezaa watoto 7 bado anabeba kuni huku kizazi kimetoka, hamwambii hata mumewe. Wengine wameacha kusali kwa sababu mkojo unawavuja. Dada zangu, waambieni: mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, na husali hata kama kitatoka kitu. Fiqhi imelisema hili zamani. Na kliniki ya wanawake ipo, si lazima wasubiri uzee.

Najua Imam Ghazali alimpinga Ibn Sina vikali katika falsafa. Ugomvi huo nawaachia wenyewe; hapa nazungumzia utabibu.

Mwishoni aliugua tumbo. Alijitibu, akazidiwa, kisha akaacha dawa. Akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa anahitimisha Qur'ani kila siku 3. Alifariki Hamadan, Ramadhani ya mwaka 428 Hijria (1037), na kaburi lake lipo huko hadi leo.