Willem Einthoven na Umeme wa Moyo

Huu ni mwaka wangu wa nne shuleni, na bado nasikia wenzangu wakisema ya kuwa atakaye udaktari hana haja ya kusumbuka na fizikia. Kwa ajili yao naandika habari za Willem Einthoven.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang, kisiwani Java, wakati kisiwa hicho kilipotawaliwa na Waholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem angali mtoto. Mwaka 1870 mama yake alihamia Uholanzi pamoja na watoto wake sita. Huko Willem alisomea udaktari, na alipokuwa na umri wa miaka 25 tu alichaguliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Wataalamu walikwisha jua kwamba kila pigo la moyo lina umeme wake, lakini umeme huo ni mdogo mno, na vyombo vya siku zile havikuweza kuupima barabara. Einthoven alitengeneza uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele, akaupaka fedha na kuutundika katikati ya sumaku yenye nguvu. Uzi huo ulipatikana kwa kufunga kioo kilichoyeyushwa kwenye mshale na kuurusha! Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Umeme wa moyo ukapita, uzi ukatikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Herufi alizoyapa mawimbi yake, P, Q, R, S na T, zatumika hata leo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki mwaka 1927.

Faida yake ni nini? Kwa wagonjwa wengine umeme uanziao juu ya moyo haufiki chini. Moyo hupiga polepole mno, mtu huzimia, pengine hufa. Picha ya mawimbi humwonyesha daktari hitilafu hiyo. Tarehe 8 Oktoba, 1958, nchini Sweden, Daktari Åke Senning alimwekea mgonjwa mwilini betri ya moyo iliyotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist, ili iushtue moyo upige. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Betri hiyo ilidumu saa chache tu; lakini mgonjwa, baada ya kubadilishiwa nyingine nyingi, aliishi mpaka mwaka 2001.

Basi, wenzangu, somo la sumaku likiwachosha, mkumbukeni mgonjwa huyo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV