Raj Kapoor na swali la mtoto wa nyoka

Mwaka 1936 Papa Pius XI alitoa Waraka wa Kipapa uitwao Vigilanti Cura, akiwakumbusha wachungaji na waamini kwamba sinema ni shule inayofundisha umati mkubwa kwa wakati mmoja, na kwamba shule hiyo yaweza kuijenga roho ya mtu au kuibomoa, kadiri ya yale yanayooneshwa. Sisi tunaoishi Unguja tuna sababu ya pekee ya kulitafakari fundisho hilo. Mji Mkongwe ulikuwa mji wa sinema tangu zamani. Kule Vuga lilisimama jumba la Royal tangu miaka ya 1920, na lilipoteketea kwa moto katika miaka ya 1950, likajengwa Majestic mahali pake. Watu walikwenda pia Empire na Sultana, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cine Afrique.

Filamu zilizowagusa sana wazee wetu zilitoka Bara Hindi, na miongoni mwa waongozaji wa filamu hizo jina la Raj Kapoor lilikuwa mbele. Tunapenda leo kuyasimulia maisha yake kwa vijana wasiomfahamu. Yeye hakuwa Mkristo, wala maisha yake hayakukosa kasoro. Lakini aliuliza mbele ya mamilioni ya watu swali ambalo Maandiko Matakatifu yaliliuliza kabla yake, na ambalo bado linatuhusu: je, mtoto amekwisha kuhukumiwa kwa sababu ya aliyemzaa?

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba 1924 mjini Peshawar, mji ambao leo uko Pakistani. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mwigizaji mashuhuri, na mwaka 1944 alianzisha kundi la michezo ya jukwaani lililoitwa Prithvi Theatre, lililozunguka miji mingi ya India. Raj alikuwa kifungua mimba. Akiwa bado mdogo alionja msiba mzito, kwani wadogo zake wawili walifariki dunia wakiwa watoto.

Baba huyo, ingawa alikuwa na jina kubwa, hakumwandalia mwanawe kiti cha enzi. Kijana alianzia chini kabisa. Kwa mwongozaji Kidar Sharma alipewa kazi ya kushika kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera kabla ya kupiga picha. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa anashughulikia mno nywele zake, akakigonga kibao kwa pupa kikanasa ndevu za bandia za mwigizaji, na Sharma akampiga kofi mbele ya wote. Lakini Sharma huyo huyo ndiye aliyemwona kijana huyu kuwa na kipaji, akampa nafasi kuu katika filamu ya Neel Kamal ya mwaka 1947. Mwaka uliofuata, kabla hajatimiza miaka 24, Raj aliunda kampuni yake, R.K. Films, akaongoza filamu yake ya kwanza, Aag. Mwaka 1949 ikafuata Barsaat, iliyomletea mafanikio makubwa na kumwezesha kujenga studio yake huko Chembur, mjini Bombay.

Mwaka 1951 alitoa filamu iliyomfikisha kila pembe ya dunia. Jina lake ni Awaara, yaani mzururaji, na kisa chake kilitoka katika kalamu ya mwandishi K. A. Abbas. Katika filamu hiyo yuko jaji aitwaye Raghunath, mtu wa heshima na msomi wa sheria, anayeamini kwamba mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Kwa imani hiyo anamtia hatiani mtu mmoja, Jagga, ambaye hakutenda kosa aliloshitakiwa, kwa kuwa tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga anatoka kifungoni akiwa jambazi kweli, na anakusudia kulipiza kisasi. Anamteka mke wa jaji, na akigundua kwamba ni mjamzito, anamwachia arudi kwake. Jaji, akiteswa na shaka na maneno ya watu, anamfukuza mkewe. Mtoto anazaliwa njiani.

Mtoto huyo, damu halisi ya jaji, anakulia katika mabanda ya maskini. Anang'arisha viatu ili apate ada, na kwa ajili ya kazi hiyo anafukuzwa shuleni. Mama yake anaugua kwa njaa, na Jagga anamfundisha kuiba. Mkate ambao mtoto aliukosa nyumbani anaupata gerezani. Hivyo jaji aliyehubiri kwamba uovu hurithiwa anakuja kusimama mahakamani mbele ya mwanawe mwenyewe, akiwa mshitakiwa. Anayemtetea kijana huyo ni Rita, rafiki yake wa utotoni, aliyelelewa katika nyumba ya jaji na kusomea sheria. Na kijana anapopewa nafasi ya kujitetea, haombi huruma kwa ajili yake, bali anawaombea watoto waliobaki katika mabanda wasije wakafuata njia yake.

Yafaa kuona jinsi Raj Kapoor alivyolifanya swali hili kuwa la nyumbani kwake. Aliyeigiza jaji ni baba yake mzazi. Yeye mwenyewe aliigiza mtoto aliyetupwa, na mdogo wake Shashi akamwigiza akiwa mdogo. Babu yao naye alionekana kwa muda mfupi katika kiti cha hakimu. Vizazi vitatu vya ukoo wenye jina vilisimama mbele ya kamera kuonesha kwamba ukoo peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema wala mwovu.

Filamu hiyo iliteuliwa kushindania tuzo huko Cannes, Ufaransa, mwaka 1953. Ilipooneshwa katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1954, ilitazamwa na makumi ya mamilioni ya watu. Nasi Unguja tuliipokea. Wengi wa wazee wetu hawakujua Kihindi. Waliojua waliwafasiria jirani zao gizani, na waliobaki walisoma nyuso na machozi. Yalikuwapo maonesho ya wanawake peke yao, kina mama wakienda na mashoga zao. Nyimbo za filamu za Kihindi zikatoka sinema, zikaingia majumbani, na sauti zake zikaazimwa katika taarabu yetu. Watu wa dini na asili mbalimbali walikaa safu moja wakimlilia mtoto mmoja wa kigeni, kwa sababu kisa chake walikifahamu.

Walikifahamu, kwa kuwa sisi pia tuna methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali ni hazina ya wahenga, na hii huenda ilikusudiwa kutuonya tuwe waangalifu. Lakini mara ngapi tumeigeuza kuwa hukumu! Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anaikataa methali iliyofanana nayo, ile ya baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Anafundisha kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, na Bwana akalikataa wazo lenyewe. Ni kweli Mama Kanisa anafundisha kwamba sote tunazaliwa na dhambi ya asili. Lakini hiyo ni hali ya wanadamu wote, ya mtoto wa jaji na ya mtoto wa mwizi, na Ubatizo unaiondoa kwa wote sawasawa. Hakuna mtoto anayeletwa kwenye kisima cha Ubatizo akiwa na hatia ya wizi wa baba yake.

Kanisa la Unguja limejengwa juu ya ukweli huo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1863 waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, ambao mbele ya wengi hawakuwa na ukoo wala thamani, wakawafundisha imani, kusoma na kazi za mikono.

Turudi kwa Raj Kapoor. Mwaka 1955 alitoa Shree 420, kisa cha kijana mwaminifu anayefika mji mkubwa na kujifunza udanganyifu. Namba hiyo ilikuwa ya kifungu cha sheria ya India kilichohusu utapeli hadi mwaka 2024. Ndani yake, kama katika Awaara, alivaa umbo la yule maskini mchekeshaji alilojifunza kwa Charlie Chaplin. Kisha likaja anguko. Mwaka 1970, baada ya kazi ya miaka 6, alitoa Mera Naam Joker, filamu ndefu sana ya maisha ya mchekeshaji wa sarakasi. Watu hawakuipokea, na madeni yakamwelemea.

Mwaka 1973 aliinuka tena kwa filamu ya Bobby, na hapa sisi Wakatoliki wa Unguja tunajiona karibu zaidi. Bobby Braganza ni binti Mkristo wa jamii ya Wagoa, na baba yake, Jack, ni mvuvi. Anapendwa na Raja, mtoto wa tajiri wa Kihindu. Tajiri anamdharau mvuvi, mvuvi naye anajibu kwa kiburi chake. Vijana wanatoroka, na wanapofuatwa wanajitupa majini. Baba wote wawili wanaruka kuwaokoa, na kila mmoja anajikuta amemwokoa mtoto wa mwenzake. Wagoa Wakatoliki waliwahi kuwa sehemu kubwa ya waamini waliosali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili. Wavuvi tunao katika kila kijiji cha pwani. Na mafundisho ya filamu ni yale yale: mkwe hapimwi kwa kazi ya baba yake.

Hatutaki kumfanya mtu huyu mtakatifu. Alimwoa Krishna mwaka 1946, wakajaliwa watoto 5, lakini uhusiano wake wa muda mrefu na mwigizaji Nargis uliijeruhi ndoa hiyo. Baadhi ya filamu zake za mwisho zilionesha miili ya wanawake kwa namna isiyowafaa watoto wetu, na wazazi wanapaswa kuchagua kwa busara. Aliyewatetea waliodharauliwa alihitaji mwenyewe huruma, kama sisi sote.

Tarehe 2 Mei 1988 alikwenda Delhi kupokea Tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa ya sinema nchini India. Ukumbini alishikwa na pumu kali, asiweze kupanda jukwaani. Rais wa India, R. Venkataraman, aliteremka kutoka mahali pake, akamfuata alipokuwa na kumkabidhi. Alifariki dunia tarehe 2 Juni 1988, akiwa na umri wa miaka 63.

Majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yamenyamaza, ingawa tangu mwaka 1998 tamasha la filamu limekuwa likikusanya watu Ngome Kongwe. Filamu za Raj Kapoor leo zapatikana kwa simu ya mkononi. Lakini swali la Awaara halijanyamaza. Yupo mtoto katika mtaa wetu ambaye baba yake yuko chuo cha mafunzo, na wenzake wamekatazwa kucheza naye. Yupo kijana ambaye posa yake imekataliwa kwa sababu mama yake hakuolewa. Yupo binti wa mtumiaji wa dawa za kulevya ambaye kila kitu kikipotea huangaliwa yeye kwanza. Tukiwatendea hivi, tunafanya alichofanya jaji Raghunath: tunawatengeneza wezi, kisha tunajisifu kwamba tuliwatambua mapema.

Basi makatekista, wasimamizi wa Ubatizo, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na sisi wazazi, tumtafute mtoto huyo wiki hii, tumwite kwa jina lake mwenyewe na si kwa jina la kosa la baba yake, tumpe nafasi katika kwaya, katika utumishi wa altareni na mezani petu. Kwa Ubatizo sote tumefanywa watoto wa Baba mmoja, na huo ndio ukoo tutakaoulizwa siku ya mwisho.