Joseph Petzval na Lenzi ya Kupigia Picha za Watu

Itazame kwa makini picha yoyote ya kikundi kikubwa cha watu, kama ile ipigwayo shuleni wakati wanafunzi wa darasa la saba wanapokaribia kumaliza masomo. Walio wafupi wameketi chini, walimu wameketi vitini, na walio warefu wamesimama nyuma juu ya madawati. Sasa utazame uso wa mtu aliye katikati, kisha uso wa yule aliye mwisho kabisa upande wa kushoto, na wa yule aliye mwisho kabisa upande wa kulia. Ikiwa mpiga picha alikuwa fundi, nyuso zote zitaonekana wazi. Ikiwa hakuwa fundi, au ikiwa lenzi yake ilikuwa duni, wa katikati ataonekana vizuri mpaka vifungo vya shati lake, lakini wale wa pembeni watakuwa na ukungu usoni, hata mama zao wangewatambua kwa shida.

Chanzo cha ukungu huo kilichunguzwa kwa njia ya hesabu na mtu ambaye jina lake halitajwi sana siku hizi, ingawa kazi yake imo ndani ya kila kamera. Mtu huyo ni Joseph Petzval.

Petzval alizaliwa tarehe 6 Januari, 1807, katika mji mdogo uitwao Spišská Belá. Wakati ule mji huo ulikuwa katika ufalme wa Hungaria. Leo umo katika nchi ya Slovakia. Baba yake alikuwa mwalimu, tena mpiga kinanda cha kanisani. Joseph alisomea uhandisi na hesabu mjini Buda na Pest, miji miwili iliyokabiliana kando ya mto Danube na ambayo baadaye iliunganishwa ikawa Budapest. Kwa miaka kadhaa aliajiriwa na mji wa Pest akiwa mhandisi. Mwaka 1837 aliitwa Vienna, mji mkuu wa Austria, kuwa profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1839, habari ya ajabu ilitoka Paris. Mfaransa mmoja, Louis Daguerre, alikuwa amegundua njia ya kuihifadhi taswira ndani ya kamera. Alichukua bamba la shaba lililopakwa fedha, akalifukiza kwa mvuke wa iodini ili lipate kuathiriwa na mwanga, kisha akaliweka nyuma ya lenzi. Mwanga uliopita katika lenzi ulichora picha juu ya bamba hilo. Watu wengi walistaajabu, lakini furaha yao ilikuwa na kasoro. Lenzi ya kamera ya Daguerre ilipitisha mwanga kidogo mno. Bamba lilihitaji kuangaziwa kwa dakika nyingi, pengine robo saa, hata kama jua lilikuwa kali. Nyumba na milima huweza kutulia muda huo wote. Mtu je? Jaribu wewe mwenyewe kukaa dakika kumi bila kutikisa kichwa wala kupepesa macho, huku jua likikupiga usoni. Picha za watu zilizopigwa kwa lenzi ile zilitoka na nyuso zilizovurugika, kwa sababu watu walitikisika.

Profesa mwenzake Petzval, jina lake Andreas von Ettingshausen, alikuwa Paris wakati huo. Aliporudi Vienna alimweleza Petzval tatizo hilo na kumsihi alitafutie dawa. Petzval alikubali.

Mafundi wa lenzi wa siku hizo walifanya kazi kwa kujaribu. Fundi alisugua kioo, akatazama, akasugua tena, mpaka alipoona kinafaa. Petzval hakufuata njia hiyo. Alikata shauri kufuatilia kwa hesabu safari ya kila mwale wa mwanga unapoingia katika kioo, unapopinda, na unapotoka upande wa pili. Hesabu hizo zilikuwa ndefu mno, na mashine za kuzifanya hazikuwapo. Ndipo alipopewa msaada na jeshi la Austria: askari wa mizinga, ambao walizoea hesabu za kulenga shabaha, waliagizwa kumfanyia kazi hiyo. Hebu fikiri jambo hilo. Watu waliofundishwa kuelekeza mizinga sasa walikaa mezani na kalamu, wakihesabu njia ya mwanga.

Mwaka 1840 kazi ilikwisha. Lenzi ya Petzval ilikuwa na vipande vinne vya kioo vilivyopangwa katika jozi mbili: jozi ya mbele ilishikamana, na jozi ya nyuma iliachana kidogo. Mdomo wake ulikuwa mpana kwa kulinganisha na urefu wake, hata ikaingiza mwanga kiasi cha mara 16 ya lenzi ya Daguerre. Muda wa kupiga picha ulipungua sana, na dawa bora za bamba zilipopatikana muda huo ukawa chini ya dakika moja. Tangu hapo iliwezekana kupiga picha za watu walio hai bila kuwatesa. Lenzi yenyewe ilitengenezwa na fundi maarufu wa Vienna, Peter Voigtländer.

Pamoja na uzuri wake, lenzi hiyo ilikuwa na upungufu mmoja, na Petzval aliujua tangu mwanzo. Ilitoa picha safi sana katikati, lakini pembeni ilitia ukungu. Kwa picha ya uso wa mtu mmoja upungufu huo haukudhuru; pengine ulipendeza. Kwa picha ya familia ya watu kumi na wawili ulikuwa balaa.

Ili uelewe sababu, fanya jaribio hili. Chukua lenzi mbinuko, yaani ile iliyo nene katikati na nyembamba ukingoni, kama kioo cha kukuzia. Simama katika chumba chenye giza kidogo, karibu na dirisha lenye nondo. Shika lenzi mbele ya dirisha, na nyuma ya lenzi ushike karatasi nyeupe. Sogeza karatasi mbele na nyuma mpaka taswira ya dirisha ionekane juu yake, ikiwa imepinduliwa. (Usielekeze lenzi kwenye jua, wala usilitazame jua kwa lenzi, utapofuka.) Utaona kwamba nondo za katikati zikiwa wazi, zile za pembeni zina ukungu. Sasa isogeze karatasi kidogo sana kuelekea lenzi. Za pembeni zitakuwa wazi, na za katikati zitapata ukungu. Kisha ikunje karatasi kama bakuli, kingo zake zielekee kwenye lenzi. Zote zitakuwa wazi zaidi kuliko kwanza.

Jaribio hilo linatuonyesha kwamba lenzi haichori taswira yake juu ya ubapa kama wa ukuta. Huichora juu ya umbo lililopinda kama sahani. Lakini bamba la kamera ni bapa. Kwa hiyo sehemu moja tu ya taswira huweza kulingana na bamba, na sehemu nyingine hukosea.

Wapiga picha wa zamani waligundua ujanja wa kukabiliana na jambo hili. Kumbuka tulivyojifunza: kitu kikisogea karibu na lenzi, taswira yake husogea mbali zaidi nyuma ya lenzi. Basi walipotaka kupiga picha ya kikundi, hawakuwapanga watu katika mstari ulionyoka. Waliwapanga katika upinde, kama mwezi mwandamo, wa katikati wakiwa mbali na kamera na wa pembeni wakiwa karibu zaidi. Kwa kuwasogeza mbele watu wa pembeni, walizirudisha nyuma taswira zao mpaka zikaangukia juu ya bamba. Hata leo mpiga picha mwenye busara hupanga mabenchi ya mbele kwa upinde kidogo.

Njia ya pili ni kupunguza mdomo wa lenzi. Rudia jaribio lako. Toboa tundu la upana wa sentimeta moja katika karatasi nyeusi, na uifunike lenzi kwa karatasi hiyo. Taswira itafifia, lakini nondo za katikati na za pembeni zitakuwa wazi zaidi kwa pamoja. Njia hii inafaa pia kwa watu waliopangwa safu kwa safu, kwa maana safu ya mbele na safu ya nyuma haziko umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Lakini kila faida ina gharama yake. Tundu dogo huingiza mwanga kidogo, na mwanga kidogo hutaka muda mrefu. Na katika watu hamsini hakosi mmoja wa kupiga chafya.

Njia ya tatu ni kurudi nyuma. Anayetumia lenzi ya kuona eneo pana na kusimama karibu na kikundi atawapata watu wote katika picha, lakini vichwa vya walio pembeni vitavutika kama vilivyonyoshwa kwa mkono. Akirudi nyuma na kutumia lenzi yenye urefu zaidi, nyuso zitabaki na sura zake. Ikiwa kuna safu nyingi, ni vema pia kamera iwekwe juu kidogo, ili safu za mbele zisifunike za nyuma.

Petzval hakutosheka na ujanja wa kupanga mabenchi. Alitaka kujua sheria yenyewe. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1843 alieleza kwamba upindaji wa taswira hutegemea nguvu ya kila kipande cha kioo na aina ya kioo chenyewe. Lenzi mbinuko hupindisha taswira upande mmoja, na lenzi mbonyeo, yaani ile iliyo nyembamba katikati, huipindisha upande wa pili. Ukizichanganya kwa kadiri inayostahili, taswira huweza kunyoka. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Tena, tangu mwaka 1840, alikuwa amekwisha kubuni lenzi ya pili, yenye mdomo mdogo zaidi lakini iliyotoa picha safi mpaka pembeni. Lenzi ya kwanza ilikuwa ya nyuso. Hii ilikuwa ya mandhari na mambo mapana.

Lenzi hiyo ya pili ilikaa miaka mingi bila kutengenezwa kwa kuuzwa, kwa sababu Petzval na Voigtländer waligombana. Kwa kazi yote ya lenzi ya kwanza Petzval alilipwa gulden 2,000 mara moja tu, na hakuwa na mkataba mzuri wa kulinda haki yake. Voigtländer aliziuza lenzi hizo kwa wingi, akatajirika. Mafundi wa nchi nyingine waliziiga bila kumlipa mtu yeyote. Mwaka 1849 Voigtländer alihamia Braunschweig, Ujerumani. Petzval alipopata fundi mwingine wa kuitengeneza lenzi ya pili, katika miaka ya 1850, Voigtländer naye alianza kuitengeneza na kuiuza kwa jina lake la biashara. Ugomvi ukazidi. Sisi tunaona kwamba Voigtländer alikuwa fundi bora, na bila mikono yake hesabu za Petzval zingebaki karatasini. Hata hivyo malipo yale hayakuwa ya haki.

Petzval alikuwa mtu wa pekee. Aliishi katika nyumba ya watawa iliyoachwa, juu ya kilima cha Kahlenberg karibu na Vienna, na humo aliweka karakana yake ya kusugua vioo. Alikuwa hodari wa kucheza kwa upanga, na alikwenda kufundisha Chuo Kikuu akiwa amepanda farasi. Kwa miaka mingi alikusanya maandishi ya kitabu kikubwa juu ya elimu ya mwanga, ambacho kingeeleza hatua zote za hesabu zake. Mwaka 1859 wezi walivunja nyumba yake, na maandishi hayo yakaharibiwa. Kitabu hicho hakikupata kuandikwa tena. Petzval aliacha kazi ya lenzi, akajishughulisha na elimu ya sauti. Mwaka 1877 alistaafu, akajitenga na watu.

Wengine waliendelea pale alipoachia. Mwaka 1866 Steinheil wa Ujerumani na Dallmeyer wa Uingereza, kila mmoja bila kumwiga mwenzake, walitengeneza lenzi yenye jozi mbili zinazofanana, iliyofaa sana kwa picha za vikundi. Lakini kunyosha kabisa taswira kulihitaji aina mpya za kioo, ambazo Petzval hakuwa nazo. Vioo hivyo vilipatikana katika mji wa Jena, Ujerumani, na mwaka 1890 Paul Rudolph wa kiwanda cha Zeiss alivitumia kutengeneza lenzi iliyotoa taswira safi na bapa mpaka pembeni. Kanuni aliyopaswa kuitimiza ni ile ile ya mwaka 1843.

Joseph Petzval alifariki mjini Vienna tarehe 17 Septemba, 1891, akiwa na umri wa miaka 84. Nyumba aliyozaliwa huko Spišská Belá ni makumbusho ya kamera na lenzi, na shimo moja kubwa katika upande wa mwezi tusiouona limepewa jina lake.

Maswali

1. Kwa nini lenzi ya Daguerre haikufaa kwa picha za watu?
2. Chora mchoro unaoonyesha jinsi watu 20 wanavyopaswa kupangwa mbele ya lenzi inayopindisha taswira. Onyesha mahali pa kamera.
3. Mpiga picha amepunguza mdomo wa lenzi yake. Amepata faida gani, na amepata hasara gani?
4. Tafuta picha ya zamani ya kikundi, nyumbani au shuleni. Linganisha nyuso za katikati na za pembeni, kisha uandike ulichokiona.