Kobal: Mwokozi wa picha za Hollywood

JOHN Kobal alizaliwa mjini Linz, Austria, mwaka wa 1940, akahamia Kanada na wazazi wake angali mtoto. Sinema ilimteka tangu utotoni.

Miaka ya 1960, akiwa mwigizaji jijini London, alianza kukusanya picha ambazo kampuni za Hollywood zilisambazia magazeti ili kutangaza filamu na nyota wake. Filamu ilipokwisha kuonyeshwa, picha hizo zilihesabiwa kuwa takataka, na nyingi zilitupwa. Waliozipiga walikuwa waajiriwa tu. Sifa ziliwaendea waigizaji, nao wakasahaulika.

Kobal hakutosheka na kuhifadhi karatasi. Aliwasaka wapiga picha hao uzeeni mwao, akiwemo George Hurrell, akawahoji na kuwarejeshea heshima yao. Mnamo 1974 kazi zao zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Mwaka wa 1980 alichapisha kitabu kuwahusu.

Alifariki mwaka wa 1991 akiwa na umri wa miaka 51, akiacha wakfu wenye jina lake. Picha zilizogawanywa bure sasa hugombewa minadani, na jina la aliyezipiga hutajwa kwanza.